Rangi kukauka na rangi kuiva ni vitu viwili

Wiki hii nimeulizwa tena. Safari hii ni dogo mmoja wa mtaani kwetu huku Igoma, Mwanza, kaja na bodi ya kigari chake cha plastiki, Land Cruiser ya skeli ya 1:24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari lenyewe, jana yake jioni kaipiga enameli ya kopo la kupuliza rangi ya bluu ikatulia vizuri kabisa, asubuhi kaigusa kwa kidole haishiki, akasema tayari imekauka, akachukua kopo la kliya, ile isiyo na rangi ya kupiga mwisho juu, akaipiga juu yake. Dakika chache tu bluu yote ikajikunja kama utando wa maziwa ukiusukuma na kijiko. Ananiuliza, "kaka, mbona ilikuwa imekauka?"

Na kweli ilikuwa imekauka. Hapo hajakosea. Ila hilo neno kukauka tunalibebesha mzigo ambao sio wake, nimelisikia kwa vijana wa vigari, nimelisikia hata kwa watu wanaopiga rangi magari makubwa, kila kitu kwao ni imekauka au haijakauka, na bodi nzuri zinaharibika kwa sababu hiyo tu.

Maana yenyewe ni fupi. Rangi imekauka pale thina iliyomo ndani, ule umajimaji unaoilainisha, imeruka hewani na kidole hakinasi tena. Rangi imeiva pale kile kilichobaki kimeshikana chenyewe kwa chenyewe kikawa kitu kigumu kipya ambacho hakirudi tena kuwa kile cha mwanzo. Basi.

Sasa kinachoniuma ni kwamba Kiswahili chetu kimeshatutofautishia hivi vitu zamani sana, sisi ndo tumeacha kusikiliza. Chukua neno mbichi. Rangi ikiwa haijakaa sawa tunasema bado mbichi, kila mtu anasema hivyo. Haya, kinyume cha mbichi ni nini? Ukiniuliza kuhusu kuni nitakwambia kavu. Ukiniuliza kuhusu embe nitakwambia bivu. Samaki mbichi na samaki mkavu, ndizi mbichi na ndizi mbivu. Neno moja lina vinyume viwili na havibadilishani, hakuna mtu Mwanza atakwambia embe lake limekauka akimaanisha liko tayari kuliwa, na hakuna atakayesema dagaa walioanikwa pale Mwaloni wameiva. Kavu imetoka kwenye kukauka, bivu imetoka kwenye kuiva, kama vile bovu ilivyotoka kwenye kuoza, ni mtindo uleule wa kutengeneza maneno. Kwa hiyo ukisema rangi sio mbichi tena hujamaliza sentensi, lazima useme imekwenda upande gani, wa kuni au wa embe.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni tofali. Mtu anafyatua tofali za udongo, anazianika juani, zinakauka kabisa, unaweza kuzibeba na kuzipanga. Na bado anaziita nini? Tofali mbichi! Kavu, halafu mbichi. Mvua ikizikuta zinarudi tope. Mpaka zichomwe tanuruni ndo zinakuwa kitu kingine, hizo hata uzitumbukize ziwani haziyeyuki. Yule fundi tofali hajasoma kemia ya rangi lakini anajua kwamba kukauka peke yake hakujaondoa ubichi.

Rangi za kopo nazo ziko hivyohivyo, na hapa ndo inabidi ujue umeshika kopo gani. Laka, kama zile Tamiya TS za watu wa vigari, yenyewe ni ya kukauka tu. Thina inaruka, inabaki rangi, imeisha. Ni kama dagaa, ukimloweka anarudi laini, na laka hata ikae mwaka ukiipaka thina kali ya laka inayeyuka tena. Ndo maana koti la pili la laka, yaani tabaka la pili, linaungana na la kwanza, linaliyeyusha kidogo juu wanakuwa kitu kimoja. Enameli ni embe. Kwanza inakauka, thina inaondoka kwa masaa machache, halafu ndo inaanza kazi yake hasa, inavuta oksijeni ya hewani na inajifuma ndani kwa ndani kama mtu anasuka wavu, na hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa mpaka wiki. Ikishaiva hairudi, thina ya kawaida itaifuta vumbi tu. Alafu kuna ya tatu, ya hadina, yaani dawa ya kuigandisha rangi, ile unabonyeza chini ya kopo hadina inachanganyika ndani, hiyo inaiva yenyewe kwa kemikali zake iwe kuna hewa au hakuna. Hiyo ina isosayaneti, kemikali ya sumu kwa mapafu, usiipige chumbani na usiipige na barakoa ya kitambaa, inataka barakoa ya kemikali yenye kichujio, na hapa siongei kwa kukisia.

Sasa rudi kwa bluu ya dogo. Kuna makopo ya enameli yameandikwa kwa maandishi madogo nyuma: rudia koti ndani ya saa 1, au subiri yapite masaa 48. Watu wanaona kama maelezo ya ajabu, yaani inakuwaje saa moja ni sawa, masaa 48 ni sawa, halafu masaa 12 ni kosa? Ukiwa na neno moja tu la kukauka hiyo haielezeki. Ukiwa nayo mawili inaeleweka palepale. Ndani ya saa moja yote bado mbichi, koti jipya linaingia wanalainika pamoja wanalala pamoja. Baada ya masaa 48 wavu umeshafumwa kiasi cha kuizuia thina mpya isipenye. Katikati hapo wavu umefumwa nusu, thina ya kliya inazama ndani, ile rangi inavimba kama maharage kwenye maji lakini haina pa kwenda maana chini imeshika plastiki, inabaki kujikunja. Kavu lakini haijaiva. Dogo alipiga kliya katikati kabisa ya hilo dirisha.

Na hata magari yenyewe makubwa yamepita hapohapo. Zamani magari mengi yalipakwa rangi na vanishi za mafuta ambazo lazima ziive, koti juu ya koti, kiwanda kinasubiri wiki kadhaa gari moja limalizike. General Motors walipoanza kutumia laka ya kampuni ya kemikali ya DuPont inayoitwa Duco, kwenye magari ya Oakland ya modeli ya 1924, muda ukashuka kutoka wiki kuwa siku, maana waliacha rangi ya kuiva wakachukua ya kukauka. Hiyo ndo tofauti ninayoisema.

Kingine, rangi ya kopo ni nyepesi kuliko ya brashi kwa sababu lazima ipite kwenye kile kitundu kidogo, kwa hiyo imebeba thina nyingi zaidi ya kuondoka. Ukiimwaga nene kwa haraka yako, juu inafunga ngozi na thina inabaki chini haina njia. Watu wa ziwa hili tunalijua, dagaa ni mwembamba siku moja ya jua imetosha, ila kayabo ya sangara, yule wa kukaushwa kwa chumvi, ni nene, nje ngumu kabisa ndani bado ina maji, ukiiwahisha kwenye gunia inaharibika. Na kwa kigari kidogo unene ni mbaya mara mbili, gari la kweli lina rangi ya unene wa kama milimita 0.1 hivi, ukiweka unene huohuo kwenye skeli ya 1:24 ni sawa na kulipaka gari la kweli milimita 2.4, kingo za milango zote zinapotea. Piga koti jepesi kama vumbi kwanza, sentimita 20 mpaka 25 kutoka kwenye bodi, subiri, piga tena.

Jua nalo watu wanaliamini mno. Nimeona bodi imewekwa juu ya bati saa saba mchana ili iwahi, bati linachemka plastiki inapinda, na juu ya rangi ngozi inafunga haraka wakati chini bado. Jua linakausha, kuiva kwa enameli kunataka hewa na siku. Na siku za masika hapa, asubuhi ukungu umetoka ziwani, laka inaweza kugeuka nyeupe kama imepakwa unga, kwa sababu thina ikiruka inapoza bodi na unyevu unatua juu yake, kwa hiyo subiri mchana hewa ikauke kwanza. Halafu ifunike na ndoo safi au boksi, wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi wakipita jioni moja tu wanajaa kwenye bodi yote.

Nikisema rangi imeiva kuna wanaoelewa imekolea, yaani bluu imekuwa bluu kweli. Hapana, kukolea ni mambo ya macho, rangi inaweza kukolea dakika ya kwanza na ikawa mbichi kabisa.

Namna ya kujua imeiva, usitumie kidole katikati ya boneti. Kila ukipiga bodi piga na kijiko cha plastiki pembeni, kopo lilelile, makoti yaleyale. Kesho yake sogeza kile kijiko puani, kama bado unasikia thina basi bado inatoka, haijaiva hata kama inang'aa. Harufu ikiisha kabisa bonyeza ukucha kwenye kijiko, ukiacha alama ongeza siku.

Dogo nimemwambia asiisugue leo maana msasa utaburuza ule ubichi utengeneze madonge, aiache wiki nzima ndani ya boksi, halafu tutaishusha na msasa wa maji namba 1000 aanze upya. Akaniuliza akiulizwa nyumbani kama imekauka aseme nini. Nikamwambia sema imekauka, ila haijaiva.