Magnum haifidii shabaha mbovu

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unasema risasi ya magnum, yaani yenye nguvu kuliko ya kawaida, humwangusha mnyama popote impatapo. Si kweli. Chukua risasi mbili za kuwindia, .30-06 ya kawaida ya mwaka 1906 na .300 Winchester Magnum ya 1963, upime vichwa vyake (sehemu inayoruka) kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene: vyote vina unene wa milimita 7.8. Ganda la magnum hubeba baruti nyingi zaidi, basi. Kwa kichwa cha gramu 11.7, maboksi ya risasi huonyesha kasi ya takriban mita 820 kwa sekunde kwa .30-06 dhidi ya 900 kwa magnum. Kishindo na teke la begani ndivyo vinavyotudanganya. Mnyama aliyepigwa tumboni huteseka vilevile. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Na anayejaza mwenyewe baruti kwenye maganda ya risasi asikisie vipimo vya baruti. Afuate jedwali la risasi husika.