Ukifika Gede, anza na chumba kisicho na mlango

Wageni wengi wakiingia magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili kwenye pwani ya Kenya, hukimbilia Msikiti Mkuu, kisha jumba la kifalme, wakapiga picha, wakarudi Watamu. Mimi kazi yangu ni majengo ya kale ya mawe ya matumbawe, na ninaofuatana nao huwapeleka kwanza kwenye nyumba zilizobanana ubavuni mwa jumba. Humo waliishi watu wenye mali.

Ingia polepole. Unateremka kwenye ua mwembamba usio na paa, ulio chini kidogo ya vyumba. Nadhani aliyekuja kwa biashara tu hakupita hapo. Mbele yako kuna ukumbi mrefu, mwembamba kama ujia. Wembamba huo haukuwa wa kupenda: dari ilikuwa ya mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki nafasi inayozidi sana meta 2.5. Boriti ndiyo iliyopima chumba.

Nyuma kabisa utakuta chumba kisicho na mlango. Watu huniuliza kama ni jela. Ni stoo. Waliingilia tundu lililo juu ukutani, kwa ngazi, na ngazi ikishaondolewa mali imelala salama. Mimi husimama hapo muda mrefu kuliko penginepo, maana ukuta ule unaonyesha wasiwasi wa mwenye nyumba kuliko maandishi yoyote tuliyo nayo. Na maandishi ni machache mno: Wareno walikaa Malindi, jirani kabisa, karibu miaka 100, na hawakuutaja mji huu kwa jina tunalolijua leo.

James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kuchimbua hapa mwaka 1948, alizipa nyumba majina ya vitu alivyovikuta: mkasi, taa ya chuma, bakuli la kaure, kete. Bakuli lilitoka China. Bahari iko kilomita kadhaa kutoka hapa, kwa hiyo kila bakuli la China lilimalizia safari yake nchi kavu. Kaure ilipendwa hata ikapachikwa msikitini, kwenye mihrabu.

Karibu na msikiti lipo kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. Litazame vizuri, kwa sababu tarehe hiyo ndiyo iliyowasaidia wachimbuaji kuyapangia majengo mengine umri.

Mji huu ulihamwa, na hapo ndipo linapokuja lile swali ninaloulizwa kila safari: nani aliwaua watu wake? Watu hutaka vita, usiku mmoja, moto. Wako wanaowataja Wazimba, wapiganaji waliopita pwani hii mwaka 1589, wako wanaowataja Waoromo waliokuja kutoka kaskazini. Mwaka 1593 Wareno walihamia Mombasa pamoja na Sheikh wa Malindi, na bila shaka biashara ya upande huu iliumia. Sikatai lolote kati ya hayo. Lakini ninachokiamini zaidi ni kisima. Chungulia kile kilicho nje ya Msikiti Mkuu: kilichimbwa, kisha kikachimbwa tena chini zaidi. Wenyewe walikuwa wakiyafuata maji yanayowakimbia.

Halafu tembea hadi kwenye kuta za mji. Ule wa nje ulizunguka eneo kubwa, kiasi cha hekta 18. Wa ndani ulijengwa baadaye, na umezunguka sehemu ndogo tu ya katikati. Kati ya kuta hizo mbili upo msikiti uliobaki nje ya ule wa ndani.

Gede iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, na wageni wataongezeka. Nakuomba jambo moja: usipande ukutani kwa ajili ya picha. Mizizi ya miti mikubwa tayari inazipasua kuta hizi, na chokaa ya zamani ikishaachia jiwe, jiwe linashikiliwa na uzito wake tu. Nenda asubuhi, chakula kiache garini kwa sababu ya kima, na ukifika kwenye ile stoo inua macho ulitafute tundu.