Mwanzi wa Miiba: Kabla Hujanunua Mche, Uliza Umri wa Mama Yake

Maswali kuhusu uzio wa mwanzi wa miiba yamezidi, na mengi yanatufikia yakiwa yamechelewa: muulizaji ameshalipia mbegu kutoka nje. Kwa hiyo tuanze na kibali.

Sheria ya Afya ya Mimea ya Tanzania ya mwaka 2020 inahusu bahasha ya mbegu kama inavyohusu gunia. Kwanza unaomba kibali cha kuingiza mimea kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Masharti yaliyomo unamtumia muuzaji, naye anayapeleka kwa mamlaka ya nchi yake ili apewe cheti cha afya ya mimea. Mzigo ukifika unakaguliwa. Usianze na cheti ndipo utafute kibali. Mzigo usio na karatasi unaweza kuzuiwa, kurudishwa au kuteketezwa. Na risiti ya muuzaji si kibali. Hili tumelisema mara nyingi mno.

Mwanzi wenyewe, Bambusa bambos, kwao ni India na nchi jirani za Asia. Hufikia mita 30, na matawi yake ya chini yenye miiba iliyopinda husukana hata ng'ombe asipenye. Huko hutoa karatasi, ngazi, majukwaa ya ujenzi na vikapu. Katika jimbo la Kerala mbegu zake hupikwa kama wali. Machipukizi nayo huliwa, ila mabichi yana sumu ya sianidi: yachemshwe vizuri na maji yake yamwagwe. Wanaouliza habari za ulanzi, pombe ya mwanzi, ule hugemwa kwenye mwanzi mwingine kabisa, wa Iringa na Njombe, usio na miiba.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni umri. Mwanzi huu huchanua mara moja tu maishani, mara nyingi baada ya miaka 40 na zaidi. Vichaka vya rika moja huchanua pamoja, humwaga mbegu, kisha hufa. Kipandikizi hakianzi kuhesabu upya. Kinaendelea na umri wa mama yake. Ukikikata kwenye kichaka kilichokaribia kuchanua, uzio wako unaweza kufa ukiwa bado mchanga, pamoja na wa kila jirani aliyechukua hapohapo. Mbegu nazo hupoteza uwezo wa kuota ndani ya miezi michache. Sasa anayekuuzia "mbegu mpya" mwaka mzima anazipata wapi? Muulize zilivunwa lini, na asipojua, usilipe.

Ukishapanda kihalali, punguza matawi ya chini tangu miaka ya mwanzo, ukivaa glavu za ngozi. Vuna mianzi iliyofikisha miaka mitatu au minne, na ukate juu kidogo ya kifundo cha kwanza ili maji yasituame kwenye kisiki. Kichaka kikishajifunga, mianzi iliyokomaa hubaki katikati na hakuna panga linaloifikia.