Je, wajua kwa nini muvi inapondwa na wahakiki halafu bado inajaza kibanda?

Mwaka 2014 nilikuwa Arua, mji wa kaskazini-magharibi mwa Uganda, mtaa wa Oli, na kwenye kibanda cha video karibu na nyumbani wakabandika karatasi imeandikwa kwa kalamu nene kwamba Jumamosi wanaweka Transformers mpya, ile ya nne, Age of Extinction, ile ya roboti kapanda dinosaria. Mimi tayari nilikuwa nimeanza kujifanya mtu wa intaneti, nikaingia kwenye simu nikakuta wahakiki wa Marekani wameiponda vibaya, chini ya asilimia 20. Nikamwonyesha rafiki yangu. Akaitazama ile namba, akaniuliza, "Hizo ni odi za mechi gani?"

Tukaingia. Kibanda kilijaa mpaka watoto wakakaa chini mbele ya benchi la kwanza, joto lile la mabati wewe acha tu, na watu wakapiga kelele kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Na si Oli tu, muvi hiyo hiyo iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.1 duniani, na zaidi ya robo tatu ya pesa hizo zilitoka nje ya Marekani na Kanada. Sasa inakuwaje, watu ambao kazi yao ni kutazama filamu waseme takataka, halafu dunia nzima ipange foleni?

Tuanze na ile namba, maana hapo ndipo wengi wanapotea, hata mimi nilipotea miaka. Inatoka Rotten Tomatoes, yaani nyanya zilizooza, jina limetoka kwenye zile hadithi za zamani za watu kumrushia nyanya mwigizaji mbovu jukwaani (mama wa nyanya pale soko la Nakasero, Kampala, akisikia hivyo atakufukuza kwenye meza yake). Ilianzishwa Agosti 1998 na kijana mmoja anaitwa Senh Duong, kule Berkeley, California. Yenyewe haihakiki kitu. Inakusanya rivyu, yaani maoni yaliyoandikwa na wahakiki, kila rivyu inawekwa upande mmoja kati ya mbili tu, huyu kasifu huyu kaponda, halafu wanahesabu waliosifu ni wangapi kwa kila mia. Ikifika 60 kwenda juu unaona nyanya nyekundu, chini ya hapo unaona ile ya kijani imepasuka.

Sasa chukua muuza rolex, yaani chapati na mayai, sio saa. Watu kumi wanakula kwake, wote kumi wanasema haina shida, inashibisha. Kwa hesabu ile huyo kapata mia kwa mia. Jirani yake anatia pilipili nyingi na vitunguu, sita wanasema tangu wazaliwe hawajala rolex kama ile, wanne wanasema imewachoma mdomo hawarudi. Huyo ana 60. Ukifuata namba peke yake utaenda kwa yule wa kwanza, utashiba kabisa, ila kesho hutamsimulia mtu. Kwa hiyo ile namba ya Transformers, asilimia 18, sio alama 18 za mtihani wa hesabu. Maana yake ni kwamba kati ya wahakiki mia, 82 walikataa, na ndani ya hao 82 kuna aliyeichukia mpaka basi na kuna aliyeona tu ni ndefu mno. Wote wamehesabiwa sawa. Wenzao wa Metacritic, walioanza 2001, angalau wanajaribu kupima uzito, wao wanatafuta wastani wa alama zenyewe, lakini nani huku kwetu anakumbuka Metacritic.

Halafu kuna kipimo kingine ambacho watu hawakijui sana, CinemaScore, kilianza 1978 na mtu anaitwa Ed Mintz, makao yao Las Vegas. Hao hawaulizi wahakiki. Usiku wa kwanza muvi inapotoka wanasimama mlangoni pa sinema na vikadi, watazamaji wanatia alama kuanzia A+ mpaka F. Ile Transformers ya asilimia 18 ilipewa A-. Unaona sasa? Muvi moja, namba mbili zinazogombana, na hakuna aliyedanganya. Ila nayo ipokee kwa akili, kwa sababu anayekimbilia usiku wa kwanza ni yule aliyekuwa anaisubiri mwaka mzima. Ni kama usimame na kikaratasi kwenye geti la mashabiki wa Arsenal waliovaa jezi uwaulize timu yenu ni nzuri? Hata wakiwa wamefungwa tatu utapata A-.

Kwa nini hizi kelele zote zinakuja katikati ya mwaka, hiyo nayo ina historia yake. Kiangazi chao Marekani, shule zimefungwa, kuanzia Mei mpaka mwanzo wa Septemba, ndio msimu wa kuuza. Huku Uganda mwezi wa sita watoto wako darasani, muhula wa pili, kwa hiyo "muvi za kiangazi" kwetu ni jina tu, inakukuta na yunifomu. Inasemwa mambo yalianza na Jaws, ile ya papa ya Steven Spielberg, tarehe 20 Juni 1975. Kabla yake studio nyingi zilikuwa zinatoa filamu polepole, miji michache kwanza, rivyu zikiwa nzuri inasogea miji mingine. Jaws wakaifungua kwenye kumbi zaidi ya 400 siku moja, na matangazo ya TV yakamwagwa kabla. Pesa ikaingia ambayo Hollywood haikuwahi kuiona. Miaka miwili baadaye, Mei 1977, ikaja Star Wars, na hapo hakuna studio iliyolala tena. Jaws yenyewe wahakiki wengi waliipenda, lakini ona kilichobadilika: zamani rivyu ilikuwa ndiyo inaisindikiza filamu kutoka mji mpaka mji, sasa filamu inafika kila mahali siku moja, mhakiki anaandika wakati pesa ya wikiendi ya kwanza tayari iko mfukoni.

Ndio maana pia studio zinacheza na muda. Wahakiki wanaonyeshwa filamu mapema, bure, lakini wanapewa saa ya kufungua mdomo, kabla ya saa hiyo marufuku kuandika chochote. Studio ikiwa na imani na kazi yake inaruhusu rivyu mapema, wiki nzima kabla. Ukiona wamewafunga mdomo mpaka usiku wa kuamkia siku yenyewe, mara nyingi chunguza, kuna kitu chungu kwenye sufuria.

Je, rivyu mbaya haziumi kabisa? Zinauma, ila zinachelewa. Suicide Squad ilitoka Agosti 2016, wahakiki wakaipa kama asilimia 26, mashabiki wakakasirika mpaka kukawa na ombi la kusainiwa mtandaoni eti Rotten Tomatoes ifungwe, kana kwamba ukivunja kipimajoto homa inaisha. Wikiendi ya kwanza ikavunja rekodi ya mwezi wa Agosti kule Marekani. Wikiendi ya pili mauzo yakaporomoka kama asilimia 67. Hapo wahakiki walikuwa wameona kitu, na majirani wakaambizana. Lakini wahakiki nao wanakosea, na wakikosea wanakosea vizuri. Tarehe 25 Juni 1982 ilitoka The Thing ya John Carpenter, wiki mbili tu baada ya E.T., ambapo kila mtu alikuwa analia na yule kiumbe mpole wa Spielberg, halafu Carpenter analeta kiumbe kinachopasua watu. Wakamponda, na mauzo yakawa mabaya. Leo hiyo inatajwa miongoni mwa filamu bora kabisa za kutisha. Haikuongezwa hata sekunde moja, ni walioitazama ndio walibadilika.

Kingine, mhakiki anatazama muvi kila wiki mwaka mzima. Akiona mji unaporomoka na mwanga wa buluu unapanda mbinguni, kwake ni mara ya arobaini. Kwa mtu wa Oli aliyetoka kupakia magunia ya mihogo ni mara ya kwanza mwezi huu. Sasa nani mwongo hapo?

Lakini kwetu Uganda mimi naona kuna sababu kubwa kuliko hizo zote, na sijaona wahakiki wa kule wakiifikiria. Sababu ni VJ. Kama hujawahi kuingia kibanda cha Uganda nikueleze: muvi ya Kizungu haichezwi hivi hivi, kuna mtu, VJ, anaisimulia kwa Luganda juu ya sauti ya waigizaji, wenyewe wanaita enjogerere. VJ Jingo, VJ Junior, hayo majina yanauza kuliko jina la steringi. Wakenya wanamjua DJ Afro kwa Kiswahili, Watanzania walikuwa na Lufufu, kwa hiyo mnaelewa nasema nini. VJ hatafsiri neno kwa neno, anampa adui jina la kijiji unachokijua, anaeleza huyu mzee mwenye kofia ndiye atakayewauza wenzake, muvi ikipoa anaingiza habari ya kodi ya nyumba au ya mke aliyerudi kwao. Huko Arua sisi wengine Luganda yetu ilikuwa ya kuombea maji tu, kwa hiyo kulikuwa na vijana nyuma wanatafsiri tena ile ya VJ kwenda Kiswahili na Kilugbara, na kila hatua inaongezewa chumvi, mpaka ikufikie wewe imeshakuwa hadithi nyingine.

Sasa soma tena rivyu za hizo blokbasta, yaani muvi kubwa za pesa nyingi, zilizopondwa. Wanalalamikia nini? Mara nyingi ni maneno ya waigizaji hayana ladha, hadithi haishikamani, watu hawana roho, vichekesho haviwachekeshi. Na hayo yote ndiyo kitu cha kwanza ambacho VJ anakitupa nje! Maneno anaweka yake, vichekesho vyake, roho ya mtu anaitia mwenyewe, hadithi isiposhikamana yeye anaifunga kamba. Kinachobaki cha Hollywood ni picha, magari yanayoruka, roboti na moto, yaani pale ambapo milioni mia mbili za dola zilikwenda. Kwa hiyo mhakiki wa New York na mtu wa benchi la Oli hawabishani kuhusu muvi moja. Wameona muvi mbili.

Na inakwenda upande wa pili pia. Julai 2023 zilitoka siku moja Barbie na Oppenheimer, hii ya pili ikiwa habari ya mwanasayansi wa bomu la atomiki, zote mbili wahakiki wakazisifu, Oppenheimer juu ya asilimia 90, na Machi iliyofuata ikabeba Oscar 7. Niliiona Kampala kwenye sinema ya mall, tiketi bei ya chakula cha siku mbili, nikatoka kimya nikitembea kama nimetoka msibani. Baadaye nikaikuta kibandani imetafsiriwa. Masaa matatu ya wanasayansi na wanasheria wanaongea chumbani, VJ anapambana maskini, anasema "huyu naye ni profesa, na huyu pia ni profesa." Bomu lilipokuja kulipuka nusu ya watu walikuwa nje wanakula muhogo.

Wenyewe tuliwahi kulionyesha hili mbele ya dunia. Isaac Nabwana, kule Wakaliga, Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa pesa ya kuokoteza, na VJ Emmie akasimulia ndani ya filamu yenyewe, anashangilia, anatania, anaitangaza muvi wakati muvi inacheza. Watu wa nje ambao hawajawahi kukanyaga kibanda wakaipenda mno, na wengi walichokipenda ni VJ. Toa sauti yake utaona kama kitu kimekatwa mguu.

Ila na mimi sitaki kumpamba mtu wa kibanda kupita kiasi. 2016 ilitoka Queen of Katwe, ya Mira Nair, imepigwa picha hapa hapa Kampala, habari ya Phiona Mutesi, msichana wa Katwe aliyecheza chesi mpaka akafika mashindano ya dunia, Lupita Nyong'o akiwa mama yake. Wahakiki waliipa zaidi ya asilimia 90. CinemaScore ikaipa A+, alama ambayo filamu chache sana huipata. Yaani nyanya nyekundu na kadi za mlangoni safari hii zilikubaliana, na bado iliingiza kama dola milioni 10 tu wakati kuitengeneza kuligharimu kama 15.

Nikarudi Oli likizo, nikamuuliza mwenye kibanda, "Hajji, mbona ile ya Katwe hujaiweka, muvi ya kwetu kabisa, dunia nzima imeisifu?" Alikuwa anaunganisha waya wa spika, hakuinua hata kichwa.

"Ile ya chesi? Niliweka mwanangu, jioni moja. Watu wamekaa mpaka mwisho wanangoja, hakuna hata mtu mmoja anapigwa."