Wastani wa saa 160 si miadi

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na meneja uzalishaji: "Injinia, si ulisema wastani ni saa 160 kati ya hitilafu na hitilafu? Leo ni saa ya 90 tu, mbona mashine imezima?"

Imezima kwa sababu wastani haujamwahidi mtu chochote. Hata hitilafu zikija kibahati tu, bila uchakavu wowote, uwezekano wa kuufikia huo wastani mashine ikiwa bado inazunguka ni kama asilimia 37. Hilo tuliache, linanikera kidogo kuliko hili lifuatalo.

Chukua mashine mbili za kujaza chupa. Ya kwanza ilidumu saa 300 ikazima, kisha 220, 150, 90, 40. Ya pili: 40, 90, 150, 220, 300. Jumla 800 na 800, wastani 160 na 160. Ukizichorea Weibull, grafu ya muda ambao mashine hudumu kabla ya kuzima, mstari ni uleule, beta (mteremko wa mstari huo) ileile. Lakini ya kwanza inakata roho! Ya pili ilikuwa na shafti iliyopinda, fundi akainyoosha. Anayepiga wastani ameutupa mpangilio, na habari yote ilikuwa humo. Kwa hiyo mwelekeo kwanza, Weibull baadaye, tafadhali.

Sasa aibu yangu. Ile ya kwanza, ukiipitisha kwenye jaribio la Laplace, linalopima kama hitilafu zinazidi kukaribiana, inatoa 1.41, na desturi inadai 1.96 ndipo ukubali kwamba si bahati tu. Kitakwimu sijathibitisha kitu. Hata hivyo, ningekuwa zamu ya usiku kwenye mashine hiyo nisingesinzia.

ARIMA nayo, ile mbinu ya kutabiri namba ijayo kutokana na zilizotangulia? Box na Jenkins, walioieneza, walitaka vipimo 50, ikiwezekana 100. Mashine ikizima mara 50 huwa imeshauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mimi nina hitilafu 14, tatu kati yake ni umeme kukatika, zamu ya usiku ikaandika "mashine mbovu". Nikizitoa, utabiri unageuka. Nikiziacha sina amani vilevile, maana umeme ukirudi kwa kishindo huacha draivu za mota (vifaa vinavyodhibiti mwendo wake) zimejeruhiwa. Na daftari linasema "imetengenezwa, iko sawa". Beringi ilibadilishwa, au ilipigwa grisi tu? Beringi mpya huanza kuhesabu saa upya. Ya grisi inabaki kuukuu na saa zake zote.

"Basi itazima lini?" akauliza meneja.

Nikamwambia sijui siku, ila beringi ya akiba isikae stoo. Iwekwe mezani, pale pale kwenye mashine, kuanzia zamu ya leo.