Je, wajua kwa nini wakazi hugombania bandari iliyokwisha kufa?

Mgeni hushangaa. Gati limefungwa miaka mingi, mapaa ya maghala yameporomoka, kreni zimeshika kutu. Anakuja mwekezaji na michoro ya hoteli, maduka na njia ya kutembea kando ya maji, halafu majirani wanabeba mabango kumpinga. Wanalinda nini pale?

Tuanze na kilichoziua bandari hizo. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iling'oa nanga Newark, Marekani, kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Hadi wakati huo shehena nyingi ilipakuliwa gunia kwa gunia, na makuli waliishi hatua chache kutoka gatini kwa sababu kazi ya siku ilipatikana kwa kuwahi langoni. Makontena yalidai meli kubwa, kina kirefu na uwanja mpana wa kuyapanga, na hayo hayapatikani katikati ya mji mkongwe. Jijini London, gati za St Katharine zilifungwa mwaka 1968, na zile za Royal zikafuata mwaka 1981. Kazi ilihamia Tilbury, karibu zaidi na bahari. Watu walibaki walipokuwa.

Ndiyo maana ramani ya mpangaji na macho ya mkazi havioni kitu kimoja. Ramani inaonyesha ardhi tupu, ilhali nyuma ya ukuta wa gati kuna mitaa iliyojaa familia zilizopoteza ajira.

Mwaka huohuo wa 1981 serikali ya Uingereza iliunda London Docklands Development Corporation, shirika la kuendeleza eneo la gati za zamani, na kulipa mamlaka ya kuidhinisha ujenzi, mamlaka ambayo awali yalikuwa ya halmashauri zilizochaguliwa na wananchi. Kwa maoni yangu, hilo liliwauma watu kuliko mnara wowote. Mwaka 1983 wakazi wa eneo la Royal waliandika mpango wao wenyewe, wakitaka nyumba na ajira badala ya uwanja wa ndege uliopangwa kujengwa hapo. Mwaka uliofuata walipanda vyombo wakaupandisha mto Thames hadi mbele ya Bunge. Uwanja wa ndege ulijengwa hata hivyo, ukafunguliwa 1987. Kisha likaja jengo refu la Canary Wharf, eneo la ofisi kwenye gati nyingine za zamani, lililokamilika 1991, na mwaka mmoja baadaye kampuni iliyolijenga, Olympia & York, ikafilisika. Leo ofisi zile zina maelfu ya wafanyakazi, na huo ni ufanisi usiopingika. Ila kuli wa miaka hamsini hageuki karani wa benki kwa sababu benki imehamia mtaani kwake.

Hofu nyingine ni ya kufungiwa maji. Sheria ya Kirumi iliyokusanywa na Mfalme Justinian mwaka 533 ilisema bahari na fukwe zake ni za watu wote, na wazo hilo bado limo katika sheria za nchi kadhaa. Njia ya kando ya maji inaweza kuonekana wazi kwa kila mtu, kumbe ni mali ya kampuni, na mlinzi ana haki ya kukuondoa. Urefu wa majengo nao ni kosa lisilorudi nyuma: mnara ukishasimama, hakuna atakayeupunguza ghorofa. San Francisco ililitambua hilo. Mwaka 2014 wapiga kura waliamua kuwa jengo lolote litakalozidi kimo kilichowekwa kwenye ardhi ya bandari lazima lipigiwe kura kwanza.

Kuna hofu isiyoonekana kabisa, iliyo chini ya miguu. Majengo mengi ya kale ya pwani yamesimama juu ya nguzo za mbao zilizopigiliwa kwenye tope. Mbao zikizama majini hudumu karne nyingi kwa kukosa hewa. Mchimba msingi akivuta maji ya ardhini yakashuka, vichwa vya nguzo huoza na nyumba ya jirani hupasuka. Boston ina taasisi maalumu ya kupima maji hayo.

Wakazi wenyewe, bila shaka, hawana sauti moja. Bandari ya Liverpool iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2004 na kufutwa 2021, UNESCO ikilalamikia majengo mapya, ukiwemo uwanja wa klabu ya Everton ndani ya gati la zamani. Wengi mjini waliutaka uwanja.

Ukiniuliza nianze kuchunguza wapi, nitasema: ardhi inauzwa lini na kwa masharti gani? Katika HafenCity, mtaa mpya kwenye bandari ya zamani ya Hamburg, Ujerumani, jiji humwekea mwekezaji kiwanja akiwa bado anachora, na humuuzia michoro na kibali cha ujenzi vikishakamilika. Hata huko mambo huharibika. Mnara wa Elbtower uliopangwa kufika mita 245 ulikwama karibu na mita 100 mwezi Oktoba 2023, mkandarasi alipokosa kulipwa.