Kushusha Pumzi: Maana Yake na Jinsi Inavyopunguza Msongo wa Mawazo

Kitenzi "songa" kina matumizi mengi katika Kiswahili. Mpishi husonga ugali, yaani huukandamiza kwa mwiko ukutani mwa sufuria mpaka ushikane. Abiria husongamana kwenye daladala mpaka mlango ugome kufungwa. Na mtu mwenye kodi ya nyumba isiyolipwa na mgonjwa wa kuuguza husongwa na mawazo. Msongo wa mawazo, basi, ni hali ya kubanwa pale ambapo mambo yanayomkabili mtu yanazidi uwezo anaodhani anao wa kuyakabili.

Kubanwa huko hakuishii kichwani. Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye, akiwa Montreal nchini Kanada, alieleza kwamba panya waliopatishwa taabu za namna mbalimbali, kama vile baridi kali, majeraha na dawa zenye sumu, walionyesha mabadiliko yaleyale mwilini, mojawapo likiwa kuvimba kwa tezi zinazokaa juu ya figo. Tezi hizo ndizo zinazomwaga homoni za adrenalini na kotisoli, na kwa sababu hiyo mtu aliyepokea ujumbe mbaya kwenye simu huhisi moyo ukimwenda mbio na viganja vikimlowa jasho, ingawa ameketi tu kwenye kiti.

Ukimwambia mtu wa namna hiyo "tulia", humsaidii kitu, kwa kuwa akili haipokei amri hiyo, na moyo wala tumbo havimsikilizi mwenyewe. Pumzi ndiyo iliyo tofauti. Hujiendesha yenyewe usiku kucha tukiwa tumelala, lakini tukitaka, tunaweza kuishika na kuiongoza. Kushusha pumzi, kwa maana ninayoieleza hapa, ni kuitoa pumzi taratibu, kwa muda mrefu kuliko ule uliotumika kuivuta. Lugha yetu iliiona siri hii zamani: mzazi aliyesikia kwamba mtoto amefaulu mtihani "hushusha pumzi", wala hatusemi kwamba ameivuta.

Sababu yake iko katika neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo, ikapita shingoni na kufika moyoni na tumboni, na ambayo mojawapo ya kazi zake ni kuupunguza moyo mwendo. Tunapovuta pumzi, neva hiyo hulegeza mkono wake na mapigo huongezeka kidogo. Tunapoishusha, hukaza tena na mapigo hupungua. Msomaji anaweza kulihakiki jambo hili sasa hivi: aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, avute pumzi kwa hesabu ya nne, kisha aishushe kwa hesabu ya sita. Watu wengi, hasa vijana, watahisi mapigo yakiachana kidogo wakati pumzi inashuka.

Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, na hesabu hiyo ya nne kwa sita humshusha hadi mara sita hivi. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Italia na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima watu wazima 23 wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakikariri mantra ya yoga, yaani maneno machache yanayorudiwa tena na tena, na katika hali zote mbili upumuaji wao ulikaribia mara sita kwa dakika. Kwa maoni yangu, ndiyo maana mtu anayeimba kwaya au kaswida yenye mistari mirefu hutoka amepoa: ameshusha pumzi mara nyingi bila kujua. Kutembea polepole jioni, au kukaa barazani na kikombe cha kahawa pamoja na watu wasio na haraka, husaidia pia. Kuperuzi simu kitandani sikuhesabu humo, maana aliyelala akiperuzi mara nyingi huamka na mzigo uleule.

Dakika tano zinatosha, nazo zinapatikana hata kwenye foleni ya benki. Kosa la kawaida ni kuvuta hewa nyingi kwa nguvu, jambo linaloleta kizunguzungu. Anayekipata aache, arudie upumuaji wake wa kawaida. Kushusha pumzi hakulipi kodi ya nyumba, ila humpa mtu utulivu wa kuzungumza na mwenye nyumba bila kufoka. Tena kusichanganywe na tiba ya sonona. Mtu ambaye kwa wiki mbili au zaidi amekuwa na huzuni karibu kila siku, hapati usingizi na hafurahii tena mambo aliyoyapenda, anahitaji kumwona daktari, na anayewaza kujidhuru asingoje hata siku moja.